Kibandani Kwangu Hakuna Kusema "Wamejitahidi"

Neema na Ashrafu, mmenisumbua weee mpaka nimekubali. Mmesema, Bi Somoe umeshatukabidhi funguo za kibanda, umetukabidhi projekta na mabenchi, sasa tukabidhi na kichwa. Kichwa siwapi, bado nakitumia. Ila nitawaandikia nilivyofanya kazi, ili siku mtakapoharibu msije mkasema hamkuambiwa. Nililipwa nini na nikapandishwa lini msiyatafute humu, hayana utamu hayo. Nitaanza pale nilipoanzia, mlangoni.

Nilikuja Kiwalani kutoka kwetu kusini, msichana mbichi, nikafikia kwa shangazi. Kazi ya kwanza niliyopata ni kushika mlango wa kibanda umiza cha Mzee Nandonde, cha kuoneshea video. Nyie mnakijua kilivyo sasa hivi na kitambaa cheupe ukutani, lakini kipindi kile kilikuwa mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao, TV ya chogo mbele na joto la kuumulia maandazi. Wateja wanaume watupu. Siku yangu ya kwanza jamaa mmoja akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Sista, jiko liko upande ule." Nikamwambia, "Na nje ni upande huu, braza," nikamzibia mlango kwa mwili wangu wote, na mwili ninao. Mzee Nandonde alicheka mpaka akashika ukuta. Yule jamaa aliingia baada ya kuniamkia, na alikuwa mkubwa kwangu.

Mzee Nandonde alikuwa mtu wa kwetu kule kusini, mfupi, mwenye maneno machache na jicho la kunguru. Yeye ndiye aliyenifundisha mashine. Deki ya kanda ilisafishwa kwa kitambaa laini na spiriti, taratibu, na ole wako akukute unapuliza kwa mdomo. "Mate yako hayana kazi humo ndani," alikuwaga ananiambia. Umeme ukikatika, unazima kila kitu kwanza ndipo unatukana. Hayo ni ya mikono, na mikono hujifunza upesi. Kilichonichukua muda ni kukaa. Kiti cha mwenye mashine hakikutazama TV. Kilikuwa pembeni ya TV, kimewageukia watazamaji, na mimi nilinung'unika sana maana nilitaka kuona picha.

"Picha imeshamaliza kusema, Somoe," akaniambia. "Waangalie hawa."

Basi nikawa nawaangalia. Mtu akianza kujikuna mguu, ujue sini, kile kipande cha picha, imekuwa ndefu. Wakianza kuulizana "huyu ndo yule?" ujue mtengenezaji kachanganya sura. Na kipimo kikubwa kuliko vyote ni karanga. Watu wetu hawaangalii kitu bila kutafuna karanga, kibanda kizima kinasikika kra, kra, kra. Sauti hiyo ikikatika kwa mara moja, benchi zote, hapo mwenye filamu kapatia. Mimi sijawahi kuona karanga zikidanganya.

Kwenye kibanda hicho ndipo ilipotua ile tamthilia ya kizungu ya chombo cha anga, ambayo mtaa mzima uliiita Chombo na hakuna aliyejali jina lake la kwao. Watu wanazurura kwenye nyota, kila sayari ina matatizo, na wana Kepteni mmoja mwenye mdomo. Adui akija na bunduki ya mwanga, Kepteni anahutubia. Anahutubia mpaka adui anaona aibu. Ilitafsiriwa Kiswahili na kijana mmoja wa Temeke aliyekuwa anaongea juu ya sauti za wazungu na kutia chumvi zake, na watu waliipenda jamani! Mtu anaacha ubwabwa kwenye harusi ya dada yake aje aone Kepteni katoka vipi kwenye shimo.

Tamthilia ikaisha. Watu wakakosa pa kwenda na mapenzi yao. Ndipo mafundi seremala wa Keko wakaamua kutengeneza Chombo yao wenyewe. Kamera ya kuazima, ukuta wa trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha, taa za Krismasi, vifuniko vya soda ndiyo vitufe. Wakamletea Mzee Nandonde, akaionesha Jumamosi mchana. Mlango wa chombo ulikuwa mlango wa kabati la nguo, na ufunguo ukining'inia. Kila rubani akitoka kwenda kupigana na maadui wa anga, ufunguo unalia nglin! Watu walicheka mpaka machozi. Ilipoisha, wale mafundi wamesimama pale mbele wanatoka jasho, kibanda kikaingiwa na adabu. Mmoja akasema, "Wamejitahidi." Mwingine, "Kweli, vijana wamejitahidi." Likaanza kuzunguka benchi kwa benchi.

Mzee Nandonde akazima feni.

"Nani kasema wamejitahidi? Neno hilo mkaseme hospitali, mtu akinywa uji. Hawa ni wazima. Wamewaletea kazi, isemeni kazi yao. Asiyeweza aende akalale."

Feni ilibaki imezimwa, na kwenye joto lile watu wakaanza kusema ukweli. Kwamba ufunguo utolewe. Kwamba rubani mwanamke alikuwa bora kuliko wote, kwa nini kafa mapema? Kwamba adui asivae ndoo, au kama ni ndoo basi ikatwe mkono wake. Mafundi wa Keko walirudi baada ya muda na filamu nyingine, na ile haikuchekwa. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa kazi yenyewe. Mtu ukimwambia amejitahidi umemwambia aende zake na asirudi, ila umefunga mlango polepole.

Mzee alipochoka akaniachia kibanda. Amri yake niliishika, nikaongeza zangu. Niliona watengenezaji wana ugonjwa wa kujitetea. Mtu anasema sini ile ya kwenye pango ni giza, mwenyewe anarukia: "Pale betri ilitaka kuisha, halafu mwenye nyumba akatufukuza, halafu mama alikuwa anaumwa." Sasa nani atabishana na mama anayeumwa? Mjadala unakufa. Nikaweka kigoda mbele, kinawatazama watu. Mwenye filamu anakaa hapo, na mdomo wake anaufunga mpaka watu wamemaliza na wamepiga kura. Kura yetu mnaijua: anayeikataa filamu anatoka nje, anayetaka irudi Jumamosi ijayo anabaki kwenye benchi. Na mtu yeyote kabla ya kusifu wala kuponda anataja sini kwanza, anasema aliona nini. Mimi mwenye mashine sitoi maoni kabisa. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, maana mnanijua.

Nyie mmekuta mambo yamepoa. Miaka ile ubishi ulikuwa wa kushikana mashati. Kulikuwa na Watu wa Asili, ambao walitaka kila kitu kifanane na tamthilia: sare zile zile, salamu ile ile, Kepteni yule yule mwenye mdomo. Na kulikuwa na Watu wa Mtaa, waliosema Chombo ikitua itue Kiwalani, wageni wa anga wakaribishwe chai. Mkuu wa Asili alikuwa Mwalimu Tumsifu, anafundisha sekondari Kinondoni, mtu wa bara, amenyooka, shati limechomekewa hata kwenye joto la mabati. Alikuwa anakuja na bajaji kutoka kote huko, na mashabiki wake walikuwa wanamshikia nafasi. Siku moja akamponda mtengenezaji mmoja kwa sababu Kepteni wake hakusema lile neno maarufu, "Msinizingue, geuza chombo!" Mwalimu anatetemeka, anasema huo ni moyo wa kazi ya asili, umeng'olewa. Nikakaa na siri yangu pembeni ya mashine. Neno hilo wazungu hawakulisema hata siku moja. Lilitiwa na yule kijana mtafsiri wa Temeke, aliniambia mwenyewe, alikuwa amegombana na konda asubuhi hiyo.

Na ile ishu ya ndege lazima niiandike, maana mpaka leo wanafikiri ni utani. Kibanda kiko chini ya njia ya ndege, mnalijua hilo. Ilioneshwa filamu ya kundi moja la Temeke, ina sini ya chombo kinapaa, na mngurumo ulikuwa mzito mpaka mabati yakatetemeka. Ilipoisha ukazuka ubishi mkali. Watu wa Asili wanasema mngurumo umezidi, chombo cha anga hakipigi kelele za lori. Watu wa Mtaa wanasema hapana, ndiyo sauti bora waliyowahi kusikia, wamehisi kifuani. Mwalimu Tumsifu akafafanua kwamba kule juu hakuna hewa kwa hiyo hakuna sauti, akajibiwa kwamba na yeye hajafika. Karibu wapigane. Mwenye filamu yuko kigodani, mdomo kaubana, macho yanamtoka. Kura ikapigwa, nikamruhusu aseme.

"Jamani," akasema, "pale mimi sikuweka sauti yoyote. Ilikuwa ndege inapita hapa juu."

Lahaula! Mwalimu alikaa chini kama kakatwa nyuzi. Kuanzia siku ile ndege ikipita nasimamisha picha, ndege ikiondoka naendelea. Msije mkaacha.

Sasa niwaelezeni ya Benedikto na Hamisi, ambayo ndiyo iliyonifanya niwaandikie yote haya.

Benedikto mnamfahamu, fundi wa Keko, anatengeneza vitanda na makabati, na chombo chake cha plaiwudi kilikuwa kinang'aa kuliko vyote tulivyowahi kuona. Kepteni wake alikuwa Hamisi, rafiki yake tangu utotoni. Hamisi alikuwa mpiga debe, anaita abiria kituo cha basi. Sauti yake ilikuwa inasikika kabla hujaona kituo, na alivyokuwa Kepteni, akihutubia maadui, hata Mwalimu Tumsifu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Walikuwa katikati ya kutengeneza filamu yao mpya Hamisi alipougua koo. Akapasuliwa, akapona, sauti haikurudi. Mpiga debe bila sauti anafanya nini kituoni? Akawa anakaa nyumbani. Kilichobaki cha kumtoa nje kilikuwa ile sare ya Kepteni.

Walikuja kibandani Ijumaa wawili, filamu ikiwa tayari. Benedikto akaniamkia, Hamisi akainamisha kichwa na kuweka mkono kifuani, nami nikaitikia marahaba kwa wote.

"Bi Somoe," Benedikto akasema, "nimemalizia naye hivyo hivyo. Kuanzia katikati Kepteni haongei. Hamisi mwenyewe anasema nimeharibu, anataka nimtafute kepteni mwingine nirudie. Tumekubaliana watu waamue. Wakitoka nje, anavua sare. Sasa naomba kitu kimoja, mama yangu. Kesho kabla hujawasha, watangazie kwamba aliumwa. Waelewe tu."

Moyo uliniuma, siwafichi. Ningeweza kutangaza. Kibanda kizima kingebaki kwenye mabenchi, wangempigia makofi, wangempa mkono mmoja mmoja mlangoni. Halafu?

"Nikitangaza," nikamwambia, "watasema amejitahidi. Watakaa wote, na hutajua hata siku moja kama wamekalia filamu au wamekalia ugonjwa. Na huyu hapa ndiye atakayejua kuliko wote."

Benedikto akakasirika. "Kwa hiyo wamrarue?"

Nilimgeukia Hamisi. "We mwenyewe unatakaje? Nitangaze?"

Hamisi akafikiri. Kisha akatikisa kichwa, hapana. Nikamshika bega, nikamwambia aje, akae benchi la nyuma, avae kofia.

Jumamosi ilijaa hadi watu wakakaa juu ya makreti. Filamu ikaanza vizuri, Hamisi anahutubia, watu wanafurahi, karanga zinaenda. Ikafika katikati. Kepteni anaingia, anakaa mezani, chombo kimezungukwa na maadui, mabaharia wake wanamtazama wakisubiri hotuba. Haji na hotuba. Anachukua kijiko, anagonga meza mara moja. Kila mtu chomboni anatulia. Muda unapita. Anagonga mara mbili, ko, ko, na mabaharia wote wanasema kwa pamoja, "Tumesikia, Kepteni," wanageuza chombo. Ikaendelea hivyo mpaka mwisho, kijiko tu. Nami nilikuwa nasikiliza mabenchi. Karanga zilikatika pale mezani. Lakini watu wakaanza pia kunong'onezana, na manung'uniko yakawa mengi.

Taa zikawaka, Benedikto kigodani, uso umemkauka. Mwalimu Tumsifu ndiye wa kwanza kunyanyuka.

"Sini ya meza na kijiko," akasema. "Niliona Kepteni wa Chombo amenyamaza. Jamani, Kepteni ni maneno! Ukimwondolea maneno unabaki na nini? Unabaki na kabati la Keko lenye taa. Mwandishi aliishiwa, basi. Na uvivu huu mimi siukubali."

Makofi. Watu wa Asili wanapiga miguu chini. Mwingine akasema labda Kepteni kameza kijiko kingine, kibanda kikacheka. Nilitazama nyuma. Hamisi kashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Weee, siku ile nilitamani kusema! Nilikaa juu ya viganja vyangu.

Akanyanyuka Mama Pili, muuza samaki wa kukaanga pale njia panda, ambaye hajawahi kuwa wa Asili wala wa Mtaa, anakuja kupumzisha miguu. "Na mie sini hiyo hiyo," akasema. "Nilikuwa nasubiri aongee. Nikasubiri, nikasubiri. Halafu alivyogonga zile mbili nikaona nimeshika karanga mkononi sijaitia mdomoni. Sijui kwa nini. Mwalimu, we unajua?"

Mwalimu akanigeukia. "Bi Somoe, irudishe hiyo sini."

Haki yake, kila mtu ana ruhusa ya kurudishiwa sini moja. Nikarudisha. Kepteni kaingia, kakaa, kagonga mara moja. Kanyanyua kijiko kwa ajili ya zile mbili, na hapo hapo ndege ikaja. Nikasimamisha picha, kama amri yangu inavyosema. Uso wa Hamisi ukabaki ukutani, mkubwa, kijiko hewani, mabati yanatetemeka juu yetu. Na nyie mnajua ndege ikipita watu huwa wanatumia nafasi hiyo kupiga soga na kuagiza soda. Siku ile hakuna aliyegeuka. Walikaa wanamtazama. Ndege ikaondoka, nikaachia. Ko, ko. Tumesikia, Kepteni.

Nikawasha taa. Mwalimu Tumsifu alikuwa bado kasimama, kaushika mkanda wake.

"Kule kwa wazungu," akasema taratibu, "Kepteni anaongea sana kwa sababu watu wake wanabishana naye kila siku. Hawa wanamsikiliza. Hana haja ya kuongea. Sijaipenda. Bado nasema Kepteni wetu ni wa maneno. Lakini mimi sitoki."

Akakaa. Nikaita kura. Walitoka wachache, wengine wakiwa wamenuna, na hiyo ni haki yao, msiwahi kumzomea anayetoka. Mabenchi yalibaki yamejaa. Ndipo nikamwambia Benedikto, sema sasa.

Akasema yote. Koo, hospitali, kituo cha basi, sare. Akanyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma, na watu wakageuka wakamwona Hamisi chini ya kofia. Kibanda kiliingiwa na baridi. Yule aliyesema habari ya kumeza kijiko alijifunika uso. Na mtu mmoja, sitamtaja, akaanza kwa sauti ya msibani, "Masikini, kumbe wame..."

"Ishia hapo hapo!" nikamkatiza, kwa ukali mpaka nikajishtua.

Hamisi akavua kofia. Alitutazama wote, mbele mpaka nyuma, kisha akaweka mkono kwenye benchi na kugonga kwa kidole kilichokunjwa, mara mbili.

"TUMESIKIA, KEPTENI!"

Kibanda kizima. Hata wale waliokuwa wametoka waliitikia wakiwa nje ya mabati. Na sauti iliyotangulia zote, nusu neno mbele ya wenzake, ilikuwa ya Mwalimu Tumsifu. Nililia, na sikujifuta. Hamisi naye alilia, halafu akacheka cheko lisilo na sauti, mabega yanaruka, na Benedikto akainuka kutoka kigodani akaenda kumkumbatia.

Hamisi bado ndiye Kepteni, mnamwona wenyewe kila filamu yao inapotoka. Mwalimu bado anazilalamikia, na bado hatoki.

Kwa hiyo, Neema na Ashrafu, atakuja mtu Ijumaa na filamu yake na shida yake, awaombe mtangulize shida mbele. Mtamhurumia, na mna haki ya kumhurumia. Mpeni maji ya kunywa, mpeni kigoda, washeni mashine. Halafu kaeni pembeni msikilize karanga.